Somo: Hundi ya Ruzuku Iandikwe Jina la Nani?

Katika wilaya ya Poinsett, mashariki ya jimbo la Arkansas nchini Marekani, riziki ya watu zamani ilitegemea pamba. Wengi wa waliolima hawakuwa na ardhi. Walilima shamba la mtu na kugawana naye mavuno nusu kwa nusu, na chakula walichokopa dukani kwake kilikatwa katika nusu yao.

Bei ya pamba ilipokuwa imeanguka mno, Serikali ilitunga Sheria ya Marekebisho ya Kilimo mwezi Mei, 1933. Shabaha ilikuwa kupunguza pamba sokoni ili bei ipande: aliyepumzisha sehemu ya shamba alilipwa ruzuku. Sheria ilikuta pamba imekwisha kuota, hivyo mwaka huo pamba ya ekari zipatazo milioni 10 ilifukiwa kwa plau.

Mkataba wa miaka ya 1934 na 1935 wastahili kusomwa kwa makini na kila katibu. Ruzuku ilikuwa na mafungu mawili. La kwanza, senti tatu na nusu kwa ratli, lilihesabiwa kuwa kodi ya ardhi iliyopumzishwa, nalo lilikwenda lote kwa mwenye shamba. La pili, senti moja, liligawanywa kama mavuno. Basi katika senti nne na nusu, aliyelima kwa mgawo alistahili nusu senti. Tena hata hiyo haikufika mkononi mwake. Hundi ilitolewa kwa mwenye shamba ili amtunzie, na mara nyingi ikamezwa na deni la duka.

Kifungu cha saba kilimtaka mwenye shamba, kwa kadiri iwezekanavyo, asipunguze idadi ya wapangaji wake. Neno ni "idadi". Je, aliyefukuza jamaa kumi akaingiza kumi nyingine alikuwa ametimiza mkataba? Mapema mwaka 1935 wanasheria wa idara iliyosimamia ruzuku walifasiri kwamba waliokusudiwa ni watu wale wale. Fasiri yao ikatenguliwa, na baadhi yao wakaachishwa kazi. Wilayani nako, kamati zilizosikiliza malalamiko kwa kawaida zilikuwa mikononi mwa wenye mashamba wenyewe. Haishangazi kwamba walalamikaji hawakufika mbali.

Mwezi Julai, 1934, karibu na mji mdogo wa Tyronza wilayani humo, watu 18, weupe na weusi, walikutana katika jengo la shule wakaunda Chama cha Wapangaji wa Mashamba wa Kusini. Kwa weupe na weusi kuketi katika chama kimoja, mahali pale na wakati ule, kulihitaji ushujaa. Walidai, pamoja na mengine, kwamba malipo ya mpangaji yapelekwe kwake mwenyewe.

Mahakama Kuu ilibatilisha sheria hiyo Januari, 1936, kwa sababu nyingine kabisa iliyohusu kodi. Mipango iliyofuata ikaanza kuwalipa wapangaji moja kwa moja. Hapo wenye mashamba wengi wakaacha kulimisha kwa mgawo, wakaajiri vibarua wa kutwa, ambao hawakuwa na fungu lolote katika ruzuku.

Kamati ya chama itakapojadili somo hili, ifungue daftari lake la malipo ya msimu uliopita na kusoma majina ya watatu kwa kila malipo: aliyelima, aliyetia sahihi, na aliyepokea fedha.