Mbegu zangu ni dhaifu: ninunue dawa ya "kuondoa sumu"?

SWALI: Nina miaka 36, ni dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Huu ni mwaka wa tatu tangu nioe na hatujapata mtoto. Mke wangu ana miaka 31. Alipimwa akaambiwa hana tatizo. Nami nikapima mara moja: mbegu milioni 11 kwa mililita, na zinazotembea ni asilimia 28. Navuta pakiti moja ya sigara kwa siku. Muuzaji mmoja wa virutubisho alinishikisha kifaa mkononi, kompyuta yake ikaonyesha nina "sumu ya oksijeni" inayoua mbegu. Ananiuzia dozi ya miezi mitatu kwa shilingi 450,000. Je, sumu hiyo ipo kweli? Na je, ninunue? Nyumbani mama ameshaanza kumsema mke wangu.
Msomaji, Mbeya

JIBU: Sumu unayoambiwa ipo, na inaharibu mbegu za kiume kweli. Lakini kile kifaa hakikuiona, na usitoe hizo 450,000 kabla hujajua inatoka wapi mwilini mwako.

Tuanze na sumu yenyewe. Karibu kila seli hutumia oksijeni kutengeneza nishati, na katika kazi hiyo huzalisha kemikali kali zinazoitwa radikali huru. Kwa kiasi kidogo zina faida: bila hizo mbegu haikomai kiasi cha kuweza kupenya yai. Mwili nao una vizuizi vyake, yaani antioksidanti, vya kuzidhibiti. Radikali zikizidi nguvu ya vizuizi, hali hiyo huitwa mkazo wa uoksidishaji.

Mbegu ya kiume huumia upesi kuliko seli nyingi. Kwanza, utando wake umejaa mafuta laini ya aina ile ile iliyomo kwenye samaki, na mafuta hayo huchacha yakikutana na radikali, kama mafuta ya kupikia yaliyoachwa wazi juani. Utando ukichacha hukakamaa, mkia unapoteza nguvu, na mbegu haifiki kwenye yai. Pili, mbegu ikishakomaa imebaki kichwa na mkia tu. Haina nafasi ya kubeba vizuizi vya kutosha wala uwezo wa kukarabati vinasaba vyake vikikatika. Kwa hiyo mbegu inaweza kuonekana nzima kwenye darubini huku vinasaba vimevunjika ndani, jambo ambalo limehusishwa na mimba kutotunga au kuharibika mapema. Si habari mpya hii. Mwaka 1943, mtafiti John MacLeod wa Marekani alionyesha kwamba mbegu zikiwekwa kwenye oksijeni nyingi hupoteza mwendo, na kwamba kimeng'enya kinachovunja kemikali kali za oksijeni huzikinga.

Kuhusu kifaa: mkazo huu hupimwa ndani ya manii yenyewe, maabara, kwa vipimo maalumu ambavyo hata hospitali kubwa hazivifanyi kila siku. Hakuna chombo cha kushika kiganjani kinachoweza kuusoma.

Swali lenye faida kwako ni hili: radikali zako zinatoka wapi? Katika barua yako naona vyanzo viwili, na ninashuku cha tatu.

Cha kwanza ni sigara. Moshi wake huingiza radikali mwilini moja kwa moja na kumaliza vizuizi, vitamini C ikiwemo. Vidonge vya antioksidanti pamoja na pakiti moja kwa siku ni kujaza maji ndoo iliyotoboka.

Cha pili ni joto. Korodani zimewekwa nje ya mwili kwa sababu zinahitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Kukaa saa nyingi kitini, mapaja yamebana na injini inachemka karibu, hupandisha joto hilo. Simama kila baada ya saa mbili, tembea kidogo, vaa nguo zisizobana.

Ninachoshuku ni varikosili, yaani mishipa ya vena iliyovimba juu ya korodani, mara nyingi upande wa kushoto. Wanaume wapatao 15 kati ya 100 wanayo, na wengi wao huzaa bila shida. Lakini miongoni mwa wanaoshindwa kutungisha mimba, idadi hufika takriban 35 hadi 40 kati ya 100. Damu hutuama, joto hupanda, na radikali huongezeka. Wengi hawahisi chochote; wengine husikia uzito mwisho wa siku. Daktari huitambua kwa kukugusa ukiwa umesimama, na akiwa na shaka huagiza altrasaundi. Ikiwa inashikika kwa mkono na mbegu zina kasoro, upasuaji mdogo wa kuifunga mara nyingi huboresha idadi na mwendo wa mbegu.

Vyanzo vingine ni maambukizi ya njia ya uzazi, kwa sababu chembe nyeupe za damu zinapopigana na vijidudu humwaga radikali nyingi, kitambi na kisukari kisichodhibitiwa, pombe nyingi, na viuatilifu vya shambani. Ukipakia au kupuliza dawa za mimea, vaa kinga na uoge ukimaliza.

Sasa vidonge. Mwaka 2020 Marekani yalitolewa matokeo ya majaribio mawili makini. La kwanza lilihusu wanaume 2,370 ambao wenzi wao walikuwa wakitafuta matibabu ya uzazi; nusu walipewa zinki na asidi ya foliki kwa miezi sita, nusu vidonge visivyo na dawa. Waliopata watoto walikuwa 34 kati ya 100 upande wa dawa na 35 kati ya 100 upande wa pili. Zaidi ya hapo, waliomeza dawa walionekana kuwa na vinasaba vilivyovunjika zaidi, na matumbo yao yaliwasumbua zaidi. La pili liliwapa wanaume wenye mbegu dhaifu mchanganyiko wa vitamini C, vitamini E, seleni, zinki, laikopini na vinginevyo. Mwendo wa mbegu na uzima wa vinasaba haukubadilika.

Zipo tafiti ndogo zilizoonyesha nafuu, ndiyo maana baadhi ya madaktari bado huviandika kwa mgonjwa aliyechunguzwa. Lakini ubora wa tafiti hizo ni mdogo. Tena ukizima radikali zote, unazima na zile ambazo mbegu inazihitaji. Kujipimia dozi kubwa dukani kunaweza kukudhuru.

Chakula hakina hatari hiyo. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na ubuyu nao unayo ya kutosha. Nyanya zilizopikwa na mafuta kidogo hutoa laikopini, karanga safi zisizo na ukungu hutoa vitamini E, na dagaa na samaki hutoa mafuta yanayojenga utando wa mbegu. Njiani punguza chipsi na soda.

Fanya hivi. Usihukumiwe na kipimo kimoja. Rudia kipimo cha manii katika maabara inayoaminika, baada ya kukaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii. Kama uliugua homa kali siku za karibuni, mwambie daktari, maana homa hushusha mbegu kwa wiki kadhaa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, liliweka kiwango cha chini cha kulinganishia kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita na zinazotembea asilimia 42. Wewe uko chini yake, lakini hujafika pabaya. Wenye namba kama zako huweza kutungisha mimba, ila huchukua muda mrefu.

Acha sigara leo. Mbegu hutengenezwa kwa siku zipatazo 74, kisha huhitaji wiki mbili hivi za kukomaa na kusafiri. Kwa hiyo mabadiliko unayoanza sasa yatasomeka baada ya miezi mitatu, si wiki ijayo. Muda huo mkutane kila baada ya siku mbili au tatu, na ratiba ya safari ipangwe kwa kuangalia siku za hatari za mke wako.

Jihadhari na sindano za testosteroni na dawa za kujenga misuli. Zinakupa nguvu huku zikiweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu.

Miaka mitatu ni mingi. Mkiwa mmekaa mwaka mzima bila kinga na mimba haijaingia, ni wakati wa kumwona daktari. Mwanamke akipita miaka 35, msingoje zaidi ya miezi sita. Nenda kwa daktari wa mfumo wa mkojo na uzazi wa wanaume katika hospitali ya rufaa, na mwende wawili. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume unachangia. Mama asiendelee kumsema mkeo kwa jambo ambalo majibu yapo mfukoni mwako. Kaa na mama umweleze mwenyewe, kabla hujaondoka safari nyingine.