Risasi Katika Kusi na Masika

Mwezi wa Mei katika Bagamoyo, na pwani yote inayoshuka hadi Kunduchi, ni mwezi mgumu kwa ye yote afanyaye kazi nje. Masika hayajakwisha na kusi imekwisha kuanza. Mvua humjia mtu ubavuni badala ya utosini, minazi huinama upande mmoja kutwa nzima, na wavuvi wengi huvuta ngalawa zao juu ya mchanga wakangoja. Hii si baridi ya Ulaya, ambako maji hugeuka kuwa jiwe na ngozi ya kidole hunata juu ya chuma. Lakini kwa mtu aliyelala kifudifudi juu ya mchanga uliolowa, bunduki mkononi, akijaribu kutia risasi katika duara lisilozidi upana wa sahani, hali hiyo yatosha kumharibia siku.

Tuseme basi kwamba kikosi cha mgambo kimepangiwa Jumamosi na Jumapili moja ya mwezi huo kujifunza kulenga shabaha, na uwanja wao umeelekea magharibi, yaani bara. Mkufunzi mzoefu huyajua malalamiko kabla hayajatamkwa. Risasi ikienda kulia, upepo umeichukua. Ikienda chini, mvua imeipiga. Ikikosa kabisa, hewa ya pwani ni nzito. Yafaa tuyapime malalamiko haya kwa mizani ya fizikia, kwa maana mpigaji asiyejua ukubwa wa adui yake hurekebisha pasipo haja, na kosa la pili huwa baya kuliko la kwanza.

Tuanze na mvua. Chukua risasi ya bunduki ya kijeshi ya milimita 7.62, yenye uzito wa gramu 9.5 hivi, ikipigwa kwenye shabaha iliyo umbali wa mita 300. Ukiidhania njia yake kuwa bomba jembamba lenye upana wa risasi yenyewe, ujazo wa bomba hilo lote, toka mdomo wa mtutu hadi shabaha, ni lita 14 tu. Halijazi debe moja. Sasa mvua kubwa ya masika, ile inayoweza kujaza milimita 50 kwa saa, huwa na karibu gramu 2 za maji katika kila mita ya ujazo ya hewa. Katika lita zetu 14 kuna basi sehemu tatu za mia za gramu moja, maji yasiyofikia tone moja kubwa la dawa ya macho. Risasi yaweza kukutana na matone kadhaa madogo njiani, lakini yote pamoja ni sehemu moja kwa mia tatu ya uzito wake. Mvua haimpigii mtu risasi chini.

Lakini debe hilohilo lisilojaa lina hewa pia, na hewa hiyo ina uzito wa gramu 16. Tafadhali msomaji usome tena: hewa ambayo risasi hulazimika kuisukuma kando katika mita 300 ni nzito kuliko risasi yenyewe. Huyu ndiye adui wa kweli. Risasi inayotoka mtutuni kwa mwendo wa mita 840 kwa sekunde hufika mita 300 ikiwa imebakiwa na mita 600 na kitu.

Je, hewa ya pwani, ile inayotulemea kifuani kabla ya mvua, ni nzito kuliko nyingine? Hapa watu wengi hupotoka, hata waliosoma. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu. Molekuli ya maji ina uzito wa 18, ya naitrojeni 28, ya oksijeni 32. Kila mvuke unapoingia hewani huondoa kilicho kizito na kuweka kilicho chepesi. Hewa yenye joto la digrii 30 iliyojaa unyevu kama ya Bagamoyo ni nyepesi kwa asilimia moja hivi kuliko hewa kavu ya joto hilohilo. Ule uzito tunaousikia ni wa jasho lisilokauka mwilini. Baridi ndiyo izidishayo uzito wa hewa kwa kweli. Mita ya ujazo ya hewa ya Bagamoyo ina uzito wa kilo 1.15 hivi; katika nchi ya theluji, kipimajoto kikiwa digrii 20 chini ya sifuri, ina karibu kilo 1.4. Kwa mlenga shabaha wa Finland katika mwezi wa Januari, risasi ileile ina kazi zaidi kwa moja ya tano. Kwa upande mwingine, askari anayehamishiwa Dodoma, mita 1,100 na zaidi juu ya bahari, hupata hewa iliyopungua uzito kwa karibu moja ya kumi, na risasi zake huanza kwenda juu kidogo ya alipozizoea.

Upepo unahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa hesabu yake ya kwanza humdanganya kila mtu. Kusi ikivuma kwa mita 5 kwa sekunde na kukata njia ya risasi, na risasi ikitumia sekunde 0.42 kufika mita 300, mwanafunzi mwerevu atazidisha 5 kwa 0.42 na kupata mita 2.1. Akilenga mita mbili kushoto kwa shabaha, atatoboa hewa tupu. Kipimo cha kweli ni sentimita 30 hivi. Zile nyingine zimekwenda wapi?

Jibu ni kwamba risasi si jani linalochukuliwa na mto. Ni chombo kizito kinachopita mbio, nacho, kwa sababu ya kuzungushwa na mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, hutulia kikielekeza pua yake kwenye upepo kinaousikia. Upepo huo ni mchanganyiko wa ule wa mbele, unaotokana na mwendo wake, na ule mdogo wa ubavuni. Kwa hiyo hewa huendelea kuivuta risasi kwa nyuma, ila mvuto huo umeinama kidogo tu upande wa chini ya upepo. Kadiri hewa inavyoichelewesha risasi, ndivyo inavyopata nafasi ya kuipeleka kando. Kama hewa isingeichelewesha kabisa, risasi ingefika katika sekunde 0.36. Imetumia 0.42. Imechelewa sekunde 0.06, na kuchelewa huko ndiko kunakozidishwa kwa mwendo wa upepo: 5 kwa 0.06, sentimita 30. Kanuni hii imejulikana kwa wapiga mizinga wa Ulaya tangu karne ya 19, na ingali yatumika.

Kutokana nayo huzaliwa jambo la ajabu. Katika bunduki ndogo za michezo, zile za inchi 0.22 ambazo risasi yake ina uzito wa gramu 2.6, risasi yenye mwendo mkubwa hupeperushwa na upepo kuliko yenye mwendo mdogo. Ile ya haraka hutoka mtutuni ikiupita mwendo wa sauti, ambao kwetu ni mita 349 hivi kwa sekunde, na huko ukinzani wa hewa ni mkali mno. Hupoteza mwendo upesi, huchelewa zaidi kuliko ilivyostahili, na kuchelewa ndiko kupeperuka. Ndiyo sababu wapigaji wa mashindano ya mita 50 huchagua risasi za polepole. Hata hivyo kusi ya mita 5 yaweza kuisogeza risasi yao karibu sentimita 3, nayo pete ya kumi katika shabaha hiyo ina upana wa milimita 10.4 tu. Wale wa mchezo wa kuteleza juu ya theluji na kupiga shabaha, uliomo katika Olimpiki tangu mwaka 1960, hutazama bendera ndogo zilizopangwa uwanjani na kusahihisha vilengeo kabla ya mbio kuanza.

Bendera za namna hiyo zaweza kushonwa kwa kanga kuukuu. Upepo wa mita 5 huzinyoosha sawasawa; ukifika mita 8 au zaidi, miti midogo huyumba yote na bahari hujaa vichwa vyeupe. Upepo unaokuja kwa mshazari wa digrii 30 kutoka mstari wa kulengea huhesabiwa nusu yake. Zingatia pia mahali. Upepo wa karibu na mpigaji huipotosha risasi mapema, na upotofu huo hukua njia nzima; ule wa karibu na shabaha haupati muda wa kufanya mengi. Katika pwani yetu, ambako mpigaji mara nyingi hujificha nyuma ya mivinje huku shabaha ikiwa peupe, mambo huonekana kinyume: bendera ya mbali hupepea kwa kelele na kumtisha, kumbe sehemu ya njia iliyo muhimu kwake imetulia.

Mvua ikikatika na jua kutoka, huja mazigazi. Mchanga uliopashwa moto hupasha hewa iliyo juu yake, nuru hupinda, na shabaha huonekana ikicheza kama iliyo chini ya maji. Shabaha haijahama. Mwenye macho mazuri aweza kuusoma upepo humo, kwa kuwa mawimbi hayo hutiririka kuelekea uendako.

Mwili wa mpigaji nao hauna budi kutajwa, ijapokuwa vitabu vya mwendo wa risasi huusahau. Nguo zilizolowa, zikipigwa na kusi, hupoza mwili upesi hata katika nchi ya joto. Mtu hutetemeka kidogo asijue, na kidole kilichokufa ganzi hukivuta kifyatulio kwa ghafla. Mtetemeko wa nusu milimita kwenye kilengeo cha mbele, kikiwa nusu mita mbele ya kile cha nyuma, huwa sentimita 30 kwenye shabaha ya mita 300. Ni sawasawa na ile kusi yetu ya mita 5. Risasi nyingi zinazosemekana zilichukuliwa na upepo zilichukuliwa na baridi ya vidole, na dawa yake ni koti kavu na chai ya moto.

Kuhusu silaha yenyewe, unyevu na chumvi vina historia yao hapa. Magobori ya karne ya 19 yalitumia baruti nyeusi ya shura, makaa na kiberiti, ambayo ikinyonya unyevu wa masika hukataa kuwaka au huwaka kwa uvivu. Bunduki za Mauser za mwaka 1871, zilizokuwa bado mikononi mwa askari wengi wa Kijerumani katika vita vya Tanga, Novemba 1914, zilikuwa na baruti hiyohiyo ndani ya ganda la shaba. Ganda liliikinga na maji, lakini moshi mzito uliwatangazia maadui mahali alipolala mpigaji. Baruti za siku hizi hazina moshi mwingi. Joto huziathiri, lakini: hupoteza nusu mita ya mwendo au zaidi kwa kila digrii ya baridi, na risasi zilizoachwa juani huruka kwa kasi kuliko zilizokaa kivulini. Fataki za zamani zilibakiza mtutuni chumvi ya aina moja na ile ya jikoni kwa tabia yake, inayovuta maji na kuleta kutu kwa usiku mmoja. Maji ya moto huiondoa, mafuta peke yake hayaiondoi. Na maji yakibaki ndani ya mtutu, asipige mtu. Risasi ikiyakuta maji yamejikusanya humo, hewa na gesi hazina pa kukimbilia na mtutu waweza kuvimba au kupasuka.

Sasa ile hatari kubwa kuliko zote, nayo mara nyingi hutokea mahali panapoonekana salama. Baadhi ya watu hufikiri kwamba pwani uwanja bora wa shabaha ni ule ulioelekea baharini, kwa kuwa maji humeza kila kitu. Kila mtoto aliyewahi kurusha kigae juu ya bahari tulivu ajua kwamba sivyo. Wapiga mizinga wa zamani walipima jambo hili: risasi ya mviringo ya chuma huruka tena juu ya maji ikiyagusa kwa pembe isiyozidi digrii 6 na nusu hivi, na ile ya madini mazito ya risasi, digrii 5 na kitu. Risasi ndefu za kisasa hazifuati kanuni hiyo kikamilifu, kwa kuwa nyingine hupinduka, lakini nazo huruka, tena kwa mwelekeo usiotabirika. Ukisimama ufukoni na bunduki begani, mita moja na nusu juu ya maji, risasi iangukayo mbali zaidi ya mita 16 hivi huyagusa maji kwa pembe iliyo chini ya digrii 5 na nusu. Ukilala kifudifudi, hali hiyo huanza mita 3 tu mbele yako. Jambo hili lamhusu pia askari wa wanyamapori anayeitwa mlangoni mwa mto Ruvu kumwondoa kiboko au mamba, huku wanakijiji wamejipanga ukingo wa pili kutazama. Kwa mita 60 upepo haumsogezi hata sentimita mbili. Maji yaweza kuirudisha risasi yake juu, kwenye vifua vya watu.

Mchanga uliolowa na kushikana, kama ule unaoachwa wazi Bagamoyo maji yanapokupwa, nao huirusha risasi. Risasi ya 7.62 isiyozuiwa na kitu yaweza kwenda karibu kilomita 4. Hata ile ndogo ya 0.22 hupita kilomita moja. Kilomita 4 kutoka ufukoni ni mahali penye ngalawa ambazo katika mvua ya Mei hazionekani, na wakati wa maji kupwa huenda kuna wanawake waokotao chaza. Kwa hiyo kikosi chetu cha Jumamosi na Jumapili kimefanya vyema kugeukia bara, ila nyuma ya shabaha zake hapana budi kuwe na tuta la udongo laini, refu kupita shabaha, lililochimbuliwa upya baada ya mvua, na mlinzi mmoja awe juu ya njia inayokwenda mashambani muda wote bunduki zinapolia.