Kiti cha Magurudumu ni Kazi ya Fundi

Wengi hudhani kiti cha magurudumu kilibuniwa na madaktari. Sivyo. Mwaka 1655, Altdorf karibu na Nuremberg, Ujerumani, mtengenezaji wa saa aitwaye Stephan Farffler, kijana wa miaka 22 asiyeweza kutembea, alijiundia kigari cha mbao chenye magurudumu matatu, akakiendesha mwenyewe kwa kuzungusha mipini kwa mikono. Kiti cha chuma cha kukunjwa kilienea baada ya miaka ya 1930, na hicho nacho kilitokana na mlemavu: mhandisi Herbert Everest wa Marekani, akisaidiana na rafiki yake Harry Jennings.

Farffler aliujua mwili wake na njia zake. Hapo ndipo penye somo.

Chukua Lamu. Vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba, vina ngazi na mifereji, na mzigo hubebwa na punda. Kiti chenye vigurudumu vidogo vya mbele, kilichokusudiwa sakafu laini ya hospitali, hukwama kwenye mfereji au mchanga na kumwangusha mwenyewe kifudifudi. Gurudumu kubwa lililowekwa mbele kabisa huvuka kwa urahisi zaidi.

Kisha makalio. Mafundi wa Lamu waliochonga kiti cha enzi walisuka pa kukalia kwa kamba, wakaweka na pa kukanyagia miguu. Ubao mtupu hugandamiza mifupa ya makalio na kuzuia damu. Mimi na wewe tukiumia hujigeuza, lakini aliyepooza na kufa ganzi hana habari, na kwa saa chache tu ngozi huanza kufa. Kidonda hicho chaweza kufika mfupani, na huua. Pa kukanyagia pakiwa juu mno, uzito wote huishia makalioni.

Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa nyumbani, aketi juu ya mto mzuri wa sponji, ajiinue au aegemee upande mmoja kila baada ya dakika 15 hadi 30. Mtaalamu wa viungo apime mapaja na miguu yake, kisha seremala wa mtaani arekebishe pa kukanyagia na kuweka ubao wa mteremko mlangoni. Chama cha APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, nacho hutengeneza viti hivi nchini.

Kila jioni mkague ngozi. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vyema, hivyo pagusie kwa mkono: pakiwa pa moto au pagumu kuliko kando yake, asipakalie tena mpaka papone, na umpeleke hospitali.