Umebadilisha kaboni, mota ya mashine ya kufulia bado inasumbua? Kagua haya kabla ya kumpelekea mteja

Somo la leo ni kwa sisi tunaouza mashine za kufulia za used mtandaoni, na kwa wanaouza spea zake. Soma taratibu, uhifadhi, litakusaidia.

Iko hivi. Mashine inakuja haizunguki, fundi anafungua anakuta kaboni zimeisha, anaweka mpya, inazunguka. Unapiga video ya nusu dakika, unaposti "iko vizuri asilimia mia", mteja analipa. Siku ya tatu anapiga simu: inatoa cheche, inanuka, au inarusha swichi kuu ya nyumba. Kirikuu cha kwenda na kurudi kimeshakula faida, na kwenye komenti jina lako halisafishiki kirahisi. Kwangu mashine iliyobadilishwa kaboni haitoki stoo mpaka ipite hatua hizi.

KWANZA: Je, mota hiyo ina kaboni kweli?
Kaboni zinakaa kwenye mota inayozungusha tanki kwa mkanda, yenye komyuteta, yaani kile kikombe cha shaba chenye vipande vipande kwenye rota. Mashine nyingi za mlango wa mbele za miaka ya nyuma ziko hivyo. Zilizoandikwa Inverter au Direct Drive hazina kaboni. Zile za matenki mawili nazo, nyingi mota yake ni ya kapasita, haina kaboni. Muuza spea, mteja akikwambia nataka kaboni, muombe kwanza picha ya mota na ya kaboni ya zamani. Utaokoa pesa yake na muda wako.

PILI: Cheche kidogo mwanzoni si ugonjwa
Kaboni mpya ncha yake haijashika umbo la mviringo wa komyuteta. Inagusa sehemu ndogo tu, ndiyo maana inatoa cheche ndogo, kelele kidogo na harufu. Iendeshe tupu, kisha na nguo chache, mizunguko kadhaa. Cheche zinatakiwa zipungue kila unavyoendesha. Zikibaki vilevile, au ukiona moto unazunguka komyuteta nzima kama pete, zima. Hiyo si kaboni tena, ni rota.

TATU: Dalili na pa kuangalia
Chomoa plagi kwanza, usubiri dakika chache. Usiiamini swichi peke yake. Kisha:

1. Mota kimya kabisa. Anza na vitu vya bure. Plagi ya waya za mota imeingia mpaka mwisho? Kaboni inateleza kwenye kishikio chake, au imekwama? Isukume kwa kidole, ikirudi yenyewe springi iko sawa. Kaboni nene kuliko kishikio inakwama, nyembamba inachezacheza. Tofauti ya nusu milimita inatosha kukuharibia kazi, kwa hiyo pima upana na unene kwa rula nzuri au kalipa, usikadirie kwa macho. Na ncha kama imekatwa mshazari, mshazari ule ufuate mviringo wa komyuteta, usigeuzwe.

2. Cheche kubwa, au sauti ya tak-tak-tak. Zungusha rota kwa mkono huku unapitisha ukucha polepole juu ya komyuteta. Ukucha ukigonga mahali, kuna kipande cha shaba kimeinuka. Kipande hicho kitakula kaboni mpya kwa muda mfupi, hata ukiweka za bei gani. Ikiwa ni uchafu mweusi tu, safisha kwa msasa laini sana, halafu toa vumbi lote katikati ya vipande. Usipake mafuta wala grisi hapo.

3. Inaanza kwa kasi ya ajabu, halafu inasimama. Angalia sensa ya mwendo nyuma ya mota. Ndiyo inayoiambia bodi mota inazunguka kwa kasi gani. Wakati wa kufungua mota, waya wake unaweza kuchomoka, au sumaku yake ikalegea kwenye shafti. Bodi isipopata taarifa, haijui ipunguze wapi. Sensa ikiwa nzima na shida ipo, kagua bodi.

4. Inazunguka upande mmoja tu. Kaboni usiziguse. Mara nyingi ni relei za kwenye bodi zinazogeuza mwelekeo, au waya wake.

5. Mota inalia, tanki halizunguki. Mkanda umetoka au umelegea. Wengi wanauacha hivyo baada ya kurudisha mota.

6. Inarusha swichi, au bodi ya mashine inapiga shoti. Hapa tuheshimiane. Kaboni zikilika zinaacha vumbi jeusi, na vumbi hilo linapitisha umeme. Likijaa ndani ya mota, umeme unapita mpaka kwenye bati. Safisha kwa brashi kavu na upepo, ukiwa umevaa barakoa. Kisha weka mita kwenye kipimo kikubwa cha omu, pima kati ya kila pini ya mota na bati lake. Isisome kitu. Ikisoma, mota hiyo haiuzwi.

Kuna wanaomaliza tatizo hili kwa kukata waya wa ethi ili swichi isiruke. Kumbuka mashine inakaa bafuni au uani, na anayeigusa ana mikono na miguu yenye maji. Swichi inayoruka inakupigia kelele bure. Ukiinyamazisha, atakayelipa ni mama wa watu au mtoto. Hakuna faida ya mashine moja inayofikia hapo.

NNE: Pima rota kabla ya kununua kaboni nyingine
Pima omu kati ya kipande na jirani yake, zunguka komyuteta yote. Namba zifanane. Moja ikiruka mbali, waya wa ndani umekatika au umegusana. Hapo tafuta mota nyingine au uza mashine kama spea, na uandike hivyo.

TANO: Unavyoiuza
Kaboni zinabadilishwa zote mbili kwa pamoja, hata kama moja bado ndefu. Piga video ya mashine ikikamua ikiwa na nguo zenye maji, siyo tupu, maana mota mbovu inajificha ikiwa tupu. Kwenye tangazo andika ukweli: "Kaboni mpya, mota imepimwa, cheche ndogo siku za mwanzo ni kawaida." Sentensi hiyo moja inakupunguzia simu nyingi za usiku. Andika pia siku za garantii na kinachoingia ndani yake.

Mteja anayepata alichoambiwa ndiye anayekuletea shemeji yake wiki ijayo. Kama una dalili ambayo haimo humu, iandike hapo chini pamoja na aina ya mashine, tuichambue wote.