SOMO: KUPANDA NA KUVUNA KATI YA WATU

Mafungu ya kusoma: Wagalatia 6:1-10, Ayubu 4:1-8 na 42:7-10



Neno la Paulo juu ya kupanda na kuvuna tunalijua kwa moyo. Lakini wengi tunalitumia kwa jirani. Mtu akifiwa na mtoto, au mtumbwi wake ukizama pamoja na nyavu, utasikia mmoja akisema chinichini kwamba anavuna alichopanda. Hata katika maombi kuna wanaosimama na kusema hivyo, kana kwamba Roho amewaonyesha.

Tuchunguze vizuri. Zamani kabla ya Paulo, neno la namna hiyo lilisemwa na Elifazi Mtemani, mbele ya Ayubu aliyekuwa amepoteza watoto kumi na kukaa majivuni. Elifazi hakukosea kwamba apandaye taabu huvuna taabu. Alikosea kumwelekezea mtu mwenye vidonda. Ndiyo sababu Mungu alimkasirikia, akamtuma kwa Ayubu na sadaka, ili yule aliyemhukumu ndiye amwombee. Nadhani safari ile ilikuwa nzito kwake.

Naye Paulo? Soma mistari iliyo karibu. Kwanza anaagiza tuchukuliane mizigo, na kila mtu aipime kazi yake mwenyewe. Kisha anasema tusichoke kutenda mema. Basi neno hili ni la kupimia jembe lako, si shamba la mwenzako.

Sisi wakulima wa Kazimia tunalielewa kwa muhogo. Muhogo tunaupanda kwa kijiti. Ukikata kijiti kwenye shina lenye mozaiki, lile ambalo majani yake yamejikunja na kuwa na mabaka ya manjano, ugonjwa unaingia shambani pamoja nacho. Na siku ile ya kupanda, kijiti kibaya na kijiti kizuri vinafanana mkononi. Huwezi kuchimba kesho yake uone. Itapita miezi mingi.

Mwaka 1996 vita vilipofika kwetu, wengi wa Fizi walivuka ziwa hadi Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo, na Lugufu ikafuata 1997. Kule, mwenyeji aliyekupa maji unamkumbuka mpaka leo, na aliyekucheka pia. Mwaka 2005 meli zikaanza kurudisha watu Baraka. Miaka kumi baadaye, 2015, Warundi walikimbilia kwetu, kambi ya Lusenda ikafunguliwa katika Fizi hii hii. Kijiti tulichopewa Kigoma, tulikipanda Lusenda au tulikitupa njiani? Musa aliwaambia Israeli wampende mgeni kwa sababu wao walikuwa wageni Misri (Kumbukumbu la Torati 10:19).

Kisha Februari 2025 Bukavu ikaanguka, na maelfu ya Wakongomani wakavuka mto Rusizi kuingia Burundi, kuomba maji kwa watu wale wale. Sisemi vita vilikuwa malipo ya dhambi yao. Hapo ningekuwa Elifazi. Nasema tu kwamba mlango tulioufunga au kuufungua 2015, ndugu zetu walikuja kubisha upande wake wa pili.

Kwa mazungumzo ya juma hili: kila mmoja amkumbuke, moyoni mwake tu, mgeni anayeishi karibu naye, na bei aliyomuuzia unga mara ya mwisho.