Limiti Si Mshahara

Andiko la kusoma: Nehemia 5:1–13

Katikati ya kazi ya kujenga ukuta wa Yerusalemu, Nehemia anasikia kilio. Si kilio cha adui. Wanaolia ni watu wake mwenyewe, na Biblia inataja kwamba wake zao nao walilia. Soma mstari wa 2 hadi wa 5 polepole na utaona makundi matatu. Wa kwanza wana watoto wengi na wanatafuta nafaka. Wa pili wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate chakula wakati wa njaa. Wa tatu wamekopa ili walipe kodi ya mfalme. Chakula, nyumba, kodi. Huyo ni Mkenya wa tarehe 25, si ndiyo?

Nehemia alikasirika sana, lakini kabla ya kuwakabili wakuu alishauriana kwanza na moyo wake (mst. 7). Hata alipoanza kusema, hakuishia kwenye mashamba na nyumba. Katika mstari wa 11 anataja ile sehemu ya mia iliyokuwa ikitozwa, na wafasiri wengi wanaielewa kuwa asilimia 1 kwa kila mwezi.

Asilimia 1 kwa mwezi ilimfanya Nehemia aitishe mkutano mkubwa. Sasa toa simu yako, mpendwa, tuone wewe unatozwa ngapi.

1. Limiti si pesa yako

Nilisoma biashara kabla ya kuingia katika huduma, kwa hivyo baada ya ibada watu huniletea simu zao kuliko wanavyoniletea ndoto zao. Kuna jambo nimeliona tena na tena. Ukimuuliza mtu ako na pesa ngapi, anajumlisha limiti. "Pasta, niko na elfu 15 kwa Fuliza, elfu 20 kwa ile programu ya mkopo, na kadi ya benki bado iko na elfu 40." Anaona ako na elfu 75. Ukweli ni kwamba hana kitu. Ako na milango mitatu ya kuingilia kwenye deni, na yote iko wazi.

Limiti ni hesabu ya yule anayekopesha. Anaangalia pesa zinazopita kwako na namna unavyolipa, halafu anakadiria kiasi anachoweza kukupa na bado apate faida. Ndiyo maana ukilipa vizuri inapanda, na ujumbe unakuja: hongera, limiti yako imeongezwa. Hongera ya nini? Mshahara haujapanda. Biashara haijapanua mlango. Mbuzi akiongezewa kamba bado amefungwa.

2. Leta riba zote kwa siku 30

Shida kubwa ya kuwa na mikopo mingi ni kwamba kila mmoja unaongea lugha yake. Huyu anasema "kwa mwaka", yule "kwa mwezi", mwingine "shilingi kadhaa kwa siku". Mwingine hasemi riba kabisa, anasema "ada". Mpendwa, ada ya kukopa ni riba iliyovaa koti lingine.

Chukua mfano wa mikopo miwili tunayoijua. Hazina ya Hustler ilizinduliwa Novemba 2022 ikiwa na riba ya asilimia 8 kwa mwaka. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mtu akiona 8 na 7.5 anafikiri ni mamoja. Lakini ukirudia ile 7.5 kila mwezi kwa mwaka mzima, umelipa asilimia 90. Nambari zinakaribiana, lakini kipindi kimebadilisha kila kitu.

Kwa hivyo fanya hesabu hii rahisi. Chukua gharama yote ya mkopo kwa siku 30, igawanye kwa kiasi unachodaiwa, zidisha kwa 100. Fanya hivyo kwa kila deni.

3. Mfano wa ndugu mwenye madeni matano

Tuseme kuna ndugu anadaiwa hivi. Nambari nimeziweka mimi ili tupige hesabu; zako utazisoma kwenye simu na kwenye taarifa ya benki.

Kadi ya mkopo ya benki: 60,000. Riba asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani shilingi 2,100.
Programu ya mkopo ya simu: 10,000. Ada asilimia 15, yaani 1,500.
Mkopo wa benki kwa simu: 8,000. Ada asilimia 9, yaani 720.
Ile pesa ya kujazia unapotuma na salio haitoshi: 3,000. Shilingi 25 kwa siku, yaani 750 kwa mwezi. Hiyo ni asilimia 25.
SACCO: 120,000. Asilimia 1 kwa mwezi kwa deni linalobaki, yaani 1,200.

Angalia vizuri. Deni dogo kuliko yote, lile la 3,000, ndilo lenye riba kubwa kuliko yote. Deni kubwa kuliko yote, lile la SACCO, ndilo la bei nafuu. Huyu ndugu akilala usiku anawazia ile 120,000, kumbe anayekula nyumba yake ni wale wadogo ambao hata hawahesabu.

SACCO inakatwa kwenye mshahara. Kwa yale mengine manne, tuseme anajinyima anatoa 8,000 kila mwezi. Riba na ada za hayo manne ni 5,070. Kwa hivyo katika ile 8,000, ni 2,930 tu inayopunguza deni. Ndiyo maana anasema, "Pasta, nalipa kila mwezi na deni halishuki." Si pepo. Ni hesabu.

4. Usimlipe kwanza anayepiga kelele

Wengi wetu tunalipa kwa kufuata kelele. Anayepiga simu mara sita kwa siku ndiye analipwa. Anayenyamaza na kukata kidogo kidogo anaachwa. Geuza huo mpango. Lipa kila mmoja kiasi cha chini kwa tarehe yake ili usiorodheshwe vibaya CRB, halafu shilingi yoyote inayobaki iende yote kwa deni lenye asilimia kubwa.

Kwa huyu ndugu, ile 2,930 ikienda kwa deni la 3,000, mwezi mmoja limekaribia sifuri. Ile 750 iliyokuwa ikipotea kila mwezi inaungana na 2,930, zinakuwa 3,680 za kupiga deni la pili. Likiisha hilo, na ada yake inaingia kwenye jeshi. Hivyo hivyo hadi kadi.

Kuhusu hao wanaopiga kelele, jua haki yako. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza vitisho na matusi, na zinakataza kuchukua majina kwenye simu yako ili wakuaibishe kwa watu. Na kwa mkopo wa benki uliokwama, kifungu cha 44A cha Sheria ya Mabenki kinaweka kikomo: riba inayoongezwa haiwezi kupita lile deni la msingi lililokuwa limebaki siku mkopo ulipokwama. Deni utalipa, lakini si lazima ulipe ukitetemeka.

5. Ukihamisha deni, funga mlango

Iko njia ya haraka zaidi. Huyu ndugu akiongezewa 21,000 na SACCO kwa asilimia 1, anaweza kumaliza yale madeni matatu madogo siku moja. Yalikuwa yakimgharimu 2,970 kwa mwezi. Sasa yatamgharimu 210 mwezi wa kwanza, na riba itaendelea kushuka. Akipanga kurudisha kwa miezi 12, SACCO itachukua 1,960, na katika ile 8,000 yake zinabaki 6,040 za kadi. Ukitoa riba ya kadi, 3,940 inapunguza deni la kadi, na 1,750 inapunguza la SACCO. Jumla 5,690. Pesa ni ile ile 8,000, lakini deni linashuka karibu mara mbili ya awali.

Lakini hapa ndipo nimeona watu wakianguka. Siku unapomaliza yale matatu, limiti zote zinafunguka tena. Simu inaanza kukuita. Usipofunga, baada ya miezi mitatu utakuwa na deni la SACCO na yale matatu yamerudi. Hapo hukuhamisha deni, umeliongeza. Tena wale wadhamini waliokuwekea sahihi ni watu mnakaa nao kiti kimoja hapa kanisani. Akiba yao iko hatarini pamoja na wewe.

Kwa hivyo funga. Fuliza unaweza kujiondoa kwa menyu ya simu yenyewe ukishamaliza deni. Programu ya mkopo, lipa, funga akaunti, kisha uitoe kwenye simu. Kadi ya benki, waandikie barua au barua pepe wapunguze limiti hadi kiasi unachoweza kulipa chote mwezi ukiisha. Kadi nyingi hazitozi riba kwa manunuzi ukilipa deni lote kwa tarehe yake. Ukilipa kiasi cha chini tu, riba inaanza kukufuata. Na kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo ni ghali zaidi: kwa kawaida ada na riba zinaanza siku hiyo hiyo.

Kuna mtu ataniuliza, "Na dharura je?" Limiti si akiba ya dharura. Mtoto akiugua leo ukatumia limiti, mwezi ujao utakuwa na ugonjwa na deni. Ile 750 ya kwanza utakayookoa, hata kama ni 200 tu, anza kuiweka kando, mahali ambapo si rahisi kuitoa.

6. Nyumbani na madhabahuni

Nimesema mstari wa kwanza unataja wake zao. Yerusalemu, deni halikuwa siri ya mzee. Nyumba nzima ilijua na nyumba nzima ililia. Kwetu mara nyingi ni tofauti. Bwana ana mikopo mitatu mke hajui. Mke ana deni la chama bwana hajui. Kila mmoja anaficha simu, na wote wanaombea "mafanikio ya familia". Wapendwa, hamwezi kuomba kwa umoja juu ya nambari ambazo mmefichana. Kaeni chini. Mwenye kusikia asikemee kabla hajamaliza kusikia. Hata Nehemia alifikiri kwanza.

La mwisho nalisema nikiwa mtumishi wa kanisa hili. Usikope ili utoe sadaka. Usitumie Fuliza kulipa ahadi ya ujenzi kwa sababu jina lako litasomwa. Paulo anaandika katika 2 Wakorintho 8:12 kwamba utoaji unakubaliwa kwa kadiri ya kile mtu alicho nacho, wala si kwa kile asicho nacho. Limiti ni kile usicho nacho. Kama ulitoa ahadi na mambo yamebadilika, njoo uniambie. Tutaandika upya tarehe, na hakuna atakayejua.

Ya kufanya wiki hii

Jumatatu, andika madeni yote kwenye karatasi moja: unadaiwa na nani, kiasi gani, gharama ya siku 30, tarehe ya kulipa. Hata la duka la mtaani, andika. Jumatano, panga upya kuanzia asilimia kubwa hadi ndogo. Ijumaa, onyesha mwenzi wako, au kama hujaoa au kuolewa, mtu mmoja unayemwamini. Jumamosi, funga limiti moja. Moja tu, lakini uifunge kweli.

Jumapili baada ya ibada ya pili nitakuwa kwenye chumba cha ushauri. Ukija nikuombee kuhusu deni, nitakuombea kwa furaha. Lakini uje na karatasi.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

Katika Nehemia 5:2–5, wewe uko katika kundi gani kati ya yale matatu? Ni deni gani unalolipa kwa sababu ya kelele wala si kwa sababu ya gharama? Sisi kama ushirika tunaweza kumsaidiaje mmoja wetu bila kumwaibisha?

Maombi

Baba, tupe ujasiri wa kuandika ukweli kwenye karatasi. Utufundishe kuishi kwa kile tulicho nacho, na utupe nguvu ya kufunga milango tuliyoifungua wenyewe. Katika jina la Yesu. Amina.