Shambulio la Kwanza Baharini: Moyo Unaandaliwa Nchi Kavu



Sisi tunaokaa Temeke, Kurasini na Kigamboni, bandari ni jirani yetu. Wapo kati yetu wanaosomea ubaharia, na wapo wanaosubiri meli. Ndiyo maana leo nauliza: kijana wa meli ya biashara akishambuliwa vitani kwa mara ya kwanza, imani inamsaidia nini?

Tuanze na tukio la kweli. Mapema Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo, katika msafara uliolindwa na manowari za Uingereza. Ilibeba watu wapatao 1,500. Wengi walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki; walikuwemo pia wauguzi, na mabaharia wa meli yenyewe. Jumamosi mchana, 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Ikazama ndani ya dakika tatu hivi. Walikufa karibu watu 1,300. Waliookoka ni 214 tu.

Dakika tatu, jamani. Aliyekuwa chumba cha injini huenda hata ngazi hakuimaliza.

Waliofika majini wakakutana na zito zaidi. Nyambizi ilikuwa chini yao. Manowari Petard, ya upande wao wenyewe, ikaangusha mabomu ya kulipukia chini ya maji palepale walipokuwa wakielea, maana nyambizi ikiachwa ingezamisha meli nyingine. Nyambizi hatimaye ilizamishwa, lakini kuna walioitazama manowari ile kama wokovu wao, wakafa kwa mabomu yake.

Sasa tuseme ukweli. Siwezi kuamini kwamba waliokufa hawakusali. Rozari shingoni si hirizi, na sala haigeuzi topido njia. Anayekuambia vinginevyo anakuandalia kukata tamaa siku mambo yatakapoharibika.

Basi sala inafanya nini? Inamwandaa mtu.

Kwanza, hofu si dhambi. Bwana wetu mwenyewe aliingiwa na uchungu bustanini Gethsemane. Mitume nao walipiga kelele dhoruba ilipowapata, na Yesu alikuwa nao chomboni, amelala (Mk 4:35-41). Ukitetemeka, hujamkana Mungu.

Pili, katika dakika tatu hujifunzi sala mpya. Kinachotoka mdomoni ni kile ulichozoea nyumbani. Kama hujazoea kusali jioni kitandani kwako Mbagala au Mwananyamala, usitegemee maneno yatakuja yenyewe katikati ya moshi.

Tatu, ijue toba kamili. Melini mara nyingi hakuna padre. Katekisimu (namba 1452) inafundisha kwamba majuto yanayotoka katika kumpenda Mungu kuliko vyote huondoa hata dhambi ya mauti, mradi mtu amekusudia kweli kwenda kuungama mapema iwezekanavyo. Hiyo siyo ruhusa ya kukwepa kitubio, maana ukikikwepa kwa makusudi, kusudi lenyewe liko wapi? Ungama kabla ya safari.

Mambo haya si ya 1944 tu. Tangu Novemba 2023 meli za biashara zimeshambuliwa Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden. Tarehe 6 Machi 2024, mabaharia watatu wa meli True Confidence waliuawa kwa kombora. Hawakuwa wanajeshi, walikuwa kazini, wakitafutia familia zao riziki. Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kusaini mkataba uliza meli inapita wapi, na kama una haki ya kukataa eneo la vita. Kuuliza si woga, ni busara.

Na sisi tunaobaki nchi kavu tuna kazi. Kanisa lina utume wa mabaharia, Stella Maris, ulioanzia Glasgow mwaka 1920, na Jumapili ya pili ya Julai huwaombea watu wa bahari. Jumuiya yako inawakumbuka?

Tujiulize: Ningepewa dakika tatu leo, moyo wangu ungesema nini?

Tusali: Ee Yesu, uwe nasi chomboni hata tusipokuona umeamka. Wapokee waliozama bila kaburi. Maria, Nyota ya Bahari, utuombee. Amina.